Moja Tu Inatosha

Jimbo la Penhallow, viungani mwa Sydney magharibi, halijawahi kutulia na mume mmoja. Enzi za viwanda vya matofali lilikuwa la chama cha Wekundu kabisa, hata mtu ukijitangaza wa chama cha Buluu kwenye baa unaangaliwa mara mbili. Viwanda vikafungwa. Wakaja Wamalta, wakaja Wavietnam, wakaja Waashuri kutoka Iraki na makanisa yao. Ng'ambo ya barabara kuu ukachipuka mtaa mpya wa nyumba zenye gereji mbilimbili, wenyewe wakiwapigia kura Buluu kwa hasira ya foleni za magari, na tume ya uchaguzi ikachora mpaka upya ikautia mtaa ule ndani. Katika chaguzi saba zilizopita, jimbo limebadilisha mbunge mara tano. Ndiyo maana wanasiasa wanalipenda mwaka wa uchaguzi, na mwaka unaofuata hata simu hawapokei.

Safari hii mambo yalizidi. Nchi nzima Wekundu na Buluu walitoka sare, ikabaki Penhallow peke yake kuamua nani atawale. Wakahesabu, wakarudia kuhesabu. Siku ya tisa, saa nne asubuhi, mwalimu mstaafu Gewargis alikuwa amesimama ndani ya ghala la tume, beji ya wakala wa Wekundu shingoni, mikono mfukoni kwa sababu wakala haruhusiwi kugusa karatasi.

Kusema kweli, Wekundu na Buluu hawakumnyima usingizi. Aliyemnyima usingizi ni Shamiram, mkewe. Figo zake zilikuwa zimekufa, na mara tatu kwa wiki ilibidi akasafishwe damu hospitali kubwa, saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi. Alirudi amepauka, anatapika kwenye mfuko. Daktari alimwambia Gewargis bila kuzunguka kwamba mwili ule hauwezi kuhimili safari hizo mwaka mwingine. Mbunge Vella, Mwekundu, alikuwa ameahidi kliniki ya kusafishia damu palepale mtaani Burrandale, dakika tano kutoka mlangoni kwao, na zege la msingi lilishamwagwa. Haines wa Buluu naye alisema hadharani kwamba wakishinda, fedha hizo zitakwenda kwenye barabara.

Na sasa Haines alikuwa mbele kwa kura thelathini na nne.

"Usikunje uso hivyo, mzee wangu," alisema Nerida Cusack, katibu wa tawi, bibi wa miaka sabini na moja ambaye baba yake alichoma matofali mtaa huohuo. "Limebaki fungu moja. La kituo cha kanisani kwenu. Hao ni wetu mpaka kufa."

"Fungu la zilizoharibika," alisema Gewargis.

"Basi tutazipigania. Mtu akiandika saba yake vibaya ikafanana na moja, mimi naita saba!"

Ofisa wa tume, Bi Thuy, alivuta trei, akainua karatasi ya kwanza ili mawakala wa pande zote waione. Wagombea saba, visanduku saba. Kwenye kisanduku cha Vella palikuwa na moja, safi, iliyonyooka. Visanduku sita vilivyobaki vilikuwa vitupu.

"Moja tu," alisema Bi Thuy. "Haikujazwa yote. Imeharibika."

Ya pili, Vella moja, sita vitupu. Ya tatu vilevile. Ya nne vilevile.



Uchaguzi wa mkoa na uchaguzi wa taifa hazina sheria moja, nani aliyetunga upuuzi huo simjui. Wa mkoa, ukiandika moja kwa umpendaye ukaishia hapo, kura yako ni halali. Wa taifa, lazima uwapange wote, moja mpaka saba, hata yule usiyetaka kumwona. Gewargis alilijua hilo. Alikuwa na karatasi ya maelekezo ya chama, yenye namba zote saba.

Lakini Jumapili ile kabla ya uchaguzi, baada ya ibada, ukumbini kwenye chai na biskuti za tende, akina mama walimzunguka wakiulizia namba za kura. Wao humwita Rabi, ndivyo Waashuri wamwitavyo mwalimu, na yeye jina hilo lilimlevya.

"Rabi, namba hizi zote za nini? Tutazichanganya!" alilalamika Mama Nanajan. "Mimi kusoma lugha yao sijui. Mara ile ulituambia moja tu."

"Mara ile, ndiyo..."

"Basi moja tu! Au siku hizi Rabi amekuwa Mwingereza, anapenda kutuhangaisha?"

Wakacheka wote. Alikuwa na haraka, Shamiram amekaa kwenye kiti kando ya mlango, amechoka. Ilikuwa miaka arobaini na kitu tangu aanze kufundisha, na siku hiyo hakutaka kubishana. Kichwani mwake akajiambia hata kwa taifa huenda wanaikubali, mbona mkoani walikubali? Hakuangalia. Karatasi ilikuwa mfukoni mwake na hakuitoa.

"Haya, haya," alisema. "Moja kwa Vella. Moja tu inatosha."

"Imeharibika," alikuwa akisema Bi Thuy kule ghalani. "Imeharibika."

Nerida alikuwa amefura. "Hawa watu wamerogwa? Ukumbi mzima! Nani mpumbavu aliyewafundisha hivi? Nikimpata namtia kwenye tanuri la matofali, haki ya Mungu!"

Gewargis alikuwa ameinamia karatasi iliyoinuliwa wakati huo. Juu yake pembeni palichorwa msalaba mdogo, na kwenye kisanduku cha Vella palikuwa na moja yenye kimkia kwa chini. Shamiram huanza kila kitu kwa msalaba, barua, orodha ya soko, hata bahasha ya dawa. Na ile moja yenye kimkia ni Gewargis mwenyewe aliyemfundisha kuiandika, jikoni, miaka ishirini na sita iliyopita, walipokuwa ndio kwanza wamefika.

"Imeharibika," alisema Bi Thuy, akaiweka juu ya nyingine.

Zilikuwa sitini na moja za Vella. Zingetosha, na zingebaki.

Nje, kwenye maegesho, Nerida aliwasha sigara.

"Ni mimi," alisema Gewargis. "Niliwafundisha mimi."

Nerida hakutukana. Aliizima sigara aliyoiwasha sasa hivi, akaingia garini mwake, akaondoka bila kuaga. Gewargis angependa kutukanwa.

Nyumbani Shamiram alikuwa amelala kwenye kochi, blanketi mpaka kifuani, redio imezimwa. Kesho yake ilikuwa siku ya hospitali. Begi lilishapangwa mlangoni, na mifuko ya kutapikia imechomekwa pembeni.

"Wamesema kwenye redio," alisema. "Thelathini na nne. Mama Nanajan amepiga simu analia. Anasema nani hao thelathini na nne, hawana haya? Nikamwambia sisi tulifanya letu." Akatabasamu kidogo. "Moja tu, kama alivyosema Rabi."

Nyumbani hakumwita Rabi hata siku moja, isipokuwa kwa utani.

Gewargis akaketi sakafuni kando ya kochi. Alimweleza yote, taratibu, kwa lugha yao, akitaja mkoa na taifa, na visanduku, na karatasi iliyokuwa mfukoni. Alimweleza habari ya msalaba mdogo. Hakujitetea. Shamiram alisikiliza akiangalia dari.

"Sasa yangu haikuhesabiwa," alisema.

"Haikuhesabiwa."

"Na wewe? Yako uliandikaje?"

Siku ya kura, ndani ya kibanda, Gewargis alikuwa amesoma maelezo yaliyo juu ya karatasi, kama mtu anayejua kusoma. Akawapanga wote, moja mpaka saba, akatoka, akanunua soseji kwenye mkate inayouzwa nje ya kituo, akasimama kivulini akiwasubiri akina mama wamalize, bila kurudi ndani kuwaonya.

"Mimi niliwaandika wote saba," alisema. "Yangu ilihesabiwa."

Shamiram akageuza uso wake kwenye mgongo wa kochi. Baada ya muda akamwomba amfunike miguu, ilikuwa inapata baridi.