Kiondo cha Ivyne

…na kumbe kalamu haijaisha wino, ni mkono ndio unaogoma, maana Daktari Ndambuki ameshauliza mbele ya jopo zima la mtaala, "Mwalimu Stellah, wewe ndiye uko darasani, hii ya kusuka kiondo Gredi ya Nne tunaweka ama tunatoa?", na watu kumi na mmoja wamemgeukia, na huko chini Westlands inapiga honi kama kawaida yake, na jibu analo, alitoka nalo Riruta asubuhi limepigwa pasi, tutoe, Daktari, wazazi wamechoka, wanakimbilia Kenyatta Market kununua viondo vilivyosukwa na watu wazima, nani asiyejua, hata yeye alijua siku aliposhika kile cha Fidel, mwanafunzi wake, kimenyooka, kina mikanda ya ngozi, akajitia hamnazo akaandika nne juu ya nne, amezidisha matarajio, na cha Ivyne, alichosuka mwenyewe, kilichopinda upande, akakipa mbili, anakaribia matarajio… anakaribia!… "Mimi naona tusipoteze time," Beryl anasema, Beryl wa falsafa ya elimu, ambaye tangu saa tatu anawaeleza habari za wanaotaka shule irithishe hekima ya waliotangulia, na wanaotaka mtoto ajifunze kwa kutenda, na wale wa soko la ajira, Stellah kanakili yote, kayapigia mstari, na hakuna hata moja lililomwandaa kwa Jackton, babake Ivyne, fundi wa mjengo, aliyekuja shuleni na simiti kwenye viatu, naye Stellah akajifunga kibwebwe kwa ugomvi wa ile mbili, lakini mwanamume hakutaja alama hata kidogo, "Mwalimu, jirani yetu Mama Wavinya ndiye alitufunza, tukafumua mara tano, mimi nikataka tuwache, mtoto akaniambia, baba, tulikosea kwa raundi ya tatu, si hapa juu. Alikuwa anahesabu nyuzi mbili mbili, mdomo umefunga! Sikuwa najua huyu mtoto wangu hufikiria hivyo," akacheka, akajifuta macho kwa mkono, akamshukuru, yeye!, aliyetoa mbili… ilhali wa kushukuriwa ni mwingine, mtu asiyejulikana, aliyekaa chumba kama hiki, chai ikipoa kama hii, akaandika sentensi moja ya mtaala, mwanafunzi asuke kiondo, akashuka na lifti kwenda zake, na sentensi ikatembea mpaka Riruta, ikabisha hodi kwenye chumba cha kupanga, ikamkalisha baba sakafuni na binti yake hadi wakajuana, Mungu wangu, sentensi moja… na aliyeandika ile ya maharagwe je, darasa la tatu, kule Kitui, pamba kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, Stellah mdogo kachuchumaa akiitazama mbegu ikipasuka, kengele ya kwenda nyumbani ikalia asiisikie, siku hiyo ndipo alipoanza kuwa mwalimu, na kumbe kulikuwa na mtu aliyemwazia hata kabla hajazaliwa, bila kumjua jina, na leo zamu ya kuwaza ni yake, Jumanne moja asubuhi, Lodwar, Lamu, Kitui, watoto asiowahi kuwaona watafunua daftari kwa sababu ya neno litakalomtoka sasa hivi, na mwili unamsisimka kama kanisani, yeye aliyedhani amekuja kujaza fomu… "Mwalimu?" Daktari anasema, kwa upole, na lile jibu la pasi limeshakunjamana, kwa sababu sentensi haikukosa, aliyekosa ni yeye, alipima kiondo akasahau mtoto, basi ibaki, isukwe darasani, na anayefumua kosa lake apimwe kwa kule kufumua, hilo litaingia hata kama Beryl atakunja uso, lakini mbili ya Ivyne iko kwenye ripoti, kwa wino, ameiweka mwenyewe, na kesho atamwita Jackton ndani ya ofisi na kumwambia nini… watu kumi na mmoja bado wamemgeukia, kalamu bado iko hewani, chai haijapoa zaidi ya ilivyokuwa, na Stellah, mwalimu kwa miaka tisa sasa, anaona aibu na anaona raha, vyote pamoja, kwamba mtoto wa miaka kumi alishamwonyesha pa kuanzia kufumua, raundi ya tatu, si hapa juu.