Mafuta kwenye Ringi

Jumanne, tarehe 16 Julai 2024. Asubuhi hiyo Mwankoko kulikuwa na baridi, na upepo wa mashariki ulikuwa ukivuma tangu alfajiri, ukisukuma vumbi kuelekea barabara ya lami.

Nilikuwa nimechuchumaa kando ya guta letu, tambara mkononi. Ni guta la kukanyaga, la magurudumu matatu. Mume wangu Calist alilinunua kabla hajarudi kazini Itigi, akamwambia fundi aweke kibenchi na mikanda ndani ya sanduku, ili nimpeleke Eliana chekechea, kisha niende na mdogo wake Deo sokoni. Jumapili, baada ya ibada, mama mkwe wangu Dorika, ambaye tunaishi kwake, alileta kikundi chake cha maombi kuliombea, kama tunavyoombea kila chombo kipya. Akina mama walilizunguka wakiimba, wakachovya mikono kwenye mafuta ya alizeti yaliyoombewa, wakapaka usukani, sanduku na magurudumu yote. Mimi pia nilipaka. Nilisema amina kwa moyo wangu wote.

Jumatatu nilishuka mtelemko na mboga tu. Nilipobana breki, mipira iliteleza kwenye ringi. Nilisimama kwa kuburuza miguu.

"Unafuta nini?" Mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Ringi, Mama. Breki hazishiki."

"Unafuta maombi ya watu."

"Nafuta mafuta tu, Mama. Maombi siwezi kuyafuta."

"Tangu uanze hilo darasa lako la jioni, una jibu la kila kitu."

Alininyang'anya tambara, akaingia nalo ndani, akarudi na chupa. Alipaka upya, taratibu, gurudumu baada ya gurudumu, akiomba kwa Kinyaturu. Watoto walikuwa wameshafungwa mikanda. Eliana aliitikia amina.

Nilisali kimya. Nilisikia moyoni nenda, nikasikia na usiende, wala sikujua ipi ni imani na ipi ni woga. Mama alikuwa ananitazama. Nikapanda.

Njia ya kwetu inashuka kati ya majabali hadi barabara kuu, yanakopita malori ya vitunguu. Pale juu, kwenye kijiwe cha bodaboda, kijana aitwaye Noel alinipigia mluzi.

"Mama Eliana, unatuharibia biashara. Hao abiria ni wetu."

"Njoo uwabebe, ila utakanyaga wewe."

Wenzake walimcheka. Bado nilikuwa nawasikia wakicheka wakati upepo uliponishika mgongoni. Nilibana breki. Guta halikujali. Nilibana kwa mikono yote miwili mpaka vidole vikauma, na magurudumu yakazidi kukimbia. Chini, lori lilikuwa linakuja, turubai lake likipigapiga. Eliana aliacha wimbo aliokuwa akiimba.

"Mama, punguza," alisema.

Niliita jina la Yesu, nikakata usukani kwenda kwenye ua wa minyaa. Guta liliparamia, likapinda, likakwama kwa upande. Lori lilipita likipiga honi ndefu, likatuachia vumbi na harufu ya vitunguu.

Watoto walikuwa wazima. Mikanda iliwashika. Deo alitoa kichwa kwenye matawi yaliyovunjika.

"Tena," alisema.

Noel na wenzake walifika mbio. Noel alipitisha kidole kwenye ringi, akakinusa.

"Mmekaanga maandazi humu?" Kisha akawatazama watoto, na hakuendelea na utani.

Mama Dorika alifika nyuma yao akihema, na majirani wawili wa kikundi.

"Shikamoo, bibi," vijana walisema.

"Marahaba. Mmeona? Mafuta yamewaokoa wajukuu wangu." Alikuwa ameshafungua chupa. "Lisukumeni hapa. Walipojaribiwa ndipo mafuta yaongezwe."

Vijana walilisukuma guta, maana ni mkubwa aliyesema. Mama aliinama kwenye gurudumu la mbele. Nilimwona Deo akinyoosha mikono apandishwe tena, na chini barabarani lori jingine likaanza kusikika.

Nilipiga magoti mbele ya Mama, kati ya chupa na gurudumu.

"Mama, wapake vichwani. Nitashukuru. Magurudumu yaache."

"Unanikatalia mbele za watu?"

"Ndiyo, Mama. Mbele za watu."

Majirani waliinamisha macho. Mama hakuwapaka watoto. Hakuifunga chupa pia.

"Basi, na liwakute lolote lililo njiani," alisema polepole. "Mimi nimeshanawa mikono."

Niliwavuta watoto kwangu, nikanyanyuka, nikamwangalia kila mmoja aliyekuwa pale, nikasema kwa sauti ili hata upepo usiimeze:

"Ninyi ni mashahidi, na Mungu ananisikia. Kila asubuhi nitayasugua magurudumu haya kwa sabuni na majivu, Mama akiniona. Na siku nitakayokuta yamepakwa tena, nitawachukua watoto wangu kwa miguu, na sitawarudisha nyumbani kwake."