Kusubiri Maji Kupwa

Kwa kina Bimkubwa, kule Pangani, mjane akitoka eda huitosa kaniki yake mtoni maji yakipwa. Mto ule umetoka mbali, Kilimanjaro huko, umepita mikonge na mabwawa ya umeme, lakini ukifika mjini huwa mtumwa wa bahari: bahari ikijaa unarudi nyuma, ikipwa unakimbia. Kaniki ikienda, mjane huenda zake. Ikinasa au ikirudi, wazee huguna: marehemu hajakubali kuachwa.

Stambuli, mume wa Bimkubwa, alitoka Australia walikoishi akaenda Pangani kumwona mamake kwa majuma matatu tu. Nyuma yake Australia ikafunga milango kama mwenye duka aliyesikia adhana. Mwaka mzima alikwama. Wa pili akafa kwa walichokiita changamoto ya kupumua. Bimkubwa alimzika kwenye simu, jikoni kwake Liverpool, ile ya huko Australia, mtandao ukikatika.

Eda ikaisha katikati ya lokdauni. Ruhusa ya kutoka ni kutembea karibu na nyumbani, na mtu mmoja. Akamchukua jirani yake Niyonsaba, Mrundi anayetunza wazee. Wakakaa ukingoni mwa mto Georges, barakoa usoni.

"Tunangoja nani, Mama Bimkubwa?"

"Maji yapwe. Mtu wa milimani wewe, maji umeyajulia kwenye ndoo!"

Wakangoja mpaka miguu ikafa ganzi. Kwenye kijiti alichochomeka Bimkubwa topeni, maji hayakushuka hata ukucha.

"Mama, hii mto haipandi, haishuki. Unaona ile ukuta ya mawe? Mzee wangu wa kazini anasema wafungwa wa Waingereza ndio walijenga, maji ya chumvi isipande. Bahari inaishia nyuma ya pale."

"Na ulikaa kimya muda wote huu?"

"Si ulisema najua ya ndoo tu?"

Bimkubwa alicheka. Akaitosa kaniki yake hivyo hivyo. Kaniki ikajitandaza, ikajikokota hadi ukutani, ikanasa kwenye mawe, ikawa inapigapiga kama mtu anayebisha hodi.

"Tuivushe, itaenda."

"Haisukumwi, mwanangu. Ikikataa imekataa."

Akaingia maji ya magoti, akaichopoa, akaikamua. Upande wa pili wa ukuta bahari ilikuwa inapwa kweli, tope liko wazi. Aliangalia mara moja, akajifunga kaniki mbichi juu ya gauni.

"Utashikwa na homa, Mama."

"Stambuli kuaga alikuwa hajui," alisema. "Kila akiaga, mlangoni atasimama mpaka chai ipoe."

Wakarudi nyumbani, kaniki ikichuruzika njia nzima.