Mji Aliopewa Nasike

Nasike alitoka Ndalu kwenda Mombasa kuona bahari, na siku ya mwisho ilifika kabla hajaiona na mtu. Kuiona aliiona. Kila asubuhi aliteremka kutoka gesti akasimama kwenye mawe, maji yaking'aa kama mabati mapya, upepo ukimvuta leso. Lakini hakuwa na wa kumwambia, "Ona hiyo."

Tena alikuwa ametunga kitendawili cha bahari, na kitendawili kinataka mtu wa kuitikia. Marehemu mume wake, Jairus, ndiye aliyekuwa akimwitikia, jioni wakipukuchua mahindi. Tangu wamzike, Nasike akisema "Kitendawili" nyumba inanyamaza.

Shida ilikuwa ile gesti. Binti yake Fridah alikuwa na nyumba nzuri hapo mjini, lakini nyumba ya binti ni ya mkwe, na kwetu Wabukusu mama mkwe halali kwa mkwe, hali naye, wala hamtazami usoni.

"Mama, hii ni Mombasa. Nani atakuona?" Fridah alimsihi.

"Mimi nitajiona."

Basi Fridah, ambaye ni nesi, akawa anakuja gesti jioni, giza limeshaingia. Waliahidiana kwenda baharini pamoja Jumamosi, siku ya mwisho. Jumamosi asubuhi simu ikalia.

"Mama, mwenzangu amegonjeka. Nimeitwa wodini."

"Si ni kazi, mwanangu. Enda."

"Levi yuko, atakupeleka."

"Levi ni mkwe wangu," Nasike akasema, akakata simu.

Akateremka peke yake. Maji yalikuwa yamekupwa, yamekwenda mbali na kuacha vidimbwi kati ya mawe. Ndani yake kulikuwa na samaki wadogo wa buluu, buluu ambayo hajaiona hata kwenye maua ya Saboti. Aliinama akawatazama mpaka mgongo ukamuuma. Ndipo akasikia mtu anakohoa kule nyuma, kile kikohozi cha mtu anayetaka ajulikane yupo.

Alikuwa Levi, viatu mkononi, amesimama mbali, mgongo ameupa bahari, uso ameuelekeza mjini. Kijana wa Kamukuywa, amelelewa vizuri.

"Wewe kaa," Nasike akamwambia kaa mdogo aliyechungulia shimoni, "mwambie huyo mtu arudi nyumbani."

"Kaa," Levi akajibu bila kugeuka, "mwambie mama ati haya maji yakirudi hayabishi hodi. Fridah amesema nisimwache."

"Mwambie nimefuga fahali wakali kuliko haya maji."

"Mwambie fahali hamzunguki mtu kwa nyuma."

Nasike aliuma pindo la leso asicheke. Akakaa juu ya jiwe. Huko mbali mstari mweupe wa mawimbi ulianza kusogea, na maji yakabadilika rangi, kijani hapa, zambarau pale. Neno likamtoka kabla hajalipima.

"Kitendawili."

Upepo ukapita. Halafu nyuma yake sauti ikasema, "Tega."

Nasike akatega. "Nina shamba lisilo na mpaka. Linalimwa usiku na mchana, na halijaota hata jani."

"Barabara?"

"Hapana."

"Uwanja wa mpira, bana."

"Hapana."

Levi angegeuka tu, jibu lilikuwa mbele ya macho yake. Hakugeuka. "Nimeshindwa," alisema, na Nasike hakujua kama ameshindwa kweli.

"Nipe mji."

Jairus siku zote alimpa Kitale.

"Nakupa Mombasa, mama."

Aliyepewa mji sharti aseme alichokiona huko. "Nilifika Mombasa," Nasike akaanza, polepole. "Nikakuta maji yanaondoka na kurudi bila kuitwa. Nikakuta kaa anatembea upande kama mkwe." Nyuma yake Levi alicheka kwa pua. "Nikakuta samaki wa buluu. Nikageuka nimwonyeshe mzee wangu."

Hapo akakwama. Maji yakafika, yakamlowesha vidole.

Walirudi, Levi mbele, Nasike nyuma yake kwa mbali, kama watu wasiojuana. Alipoona mama ameshika lango la gesti, maana kivuli chake kilionekana ukutani, Levi aliinua viatu juu kidogo kama anayeaga, akaendelea na njia yake.

Nasike akakumbuka kwamba hajampa jibu la kitendawili. Alifungua mdomo amwite, akakumbuka mkwe haitwi njiani hivyo, akaingia ndani kufunga mzigo.