Sikio la Asheri, Mdomo wa Hamdani

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Same yalipoanza kujaa vitu ambavyo hata muuzaji hakujua ni vya kazi gani, Doris alinunua redio ya mtoto. Vilikuwa visanduku viwili, bila waya wa kuviunganisha. Kimoja alikiita Sikio, kikakaa kitandani kwa mwanawe Asheri. Cha pili alikiita Mdomo, kikakaa jikoni nyuma ya nyumba. Mtoto akikohoa ndani, Mdomo nao unakohoa jikoni.

Mama mkwe wake, Bibi Eliaichi, alishuka kutoka Mamba, kijijini kwake mlimani, kumwona mjukuu. Akakigeuzageuza kile kidude kama anayekagua mbuzi wa mahari.

"Na maneno yanapita wapi?"

"Hewani, mama."

"Hewa ya Same ina vumbi tu."

Doris, kwa kutaka sifa, akapandisha sauti. Mdomo ukakwaruza, kisha ukasema: "Meee!"

Bibi akaweka kikombe chini. "Mjukuu wangu ameshakuwa mbuzi."

"Siyo yeye, mama! Ni mbuzi wa jirani, Hamdani. Naye kanunua kama hii, kaweka Sikio lake zizini kwa sababu ya wezi. Zinaingiliana."

"Mama Asheri, nisikilize. Mtoto ameshaacha ziwa. Baba yake yuko kwenye mashamba ya mkonge, wewe kila jioni uko darasani, naye kaachiwa boksi linalolia kama beberu. Nampeleka mlimani, akale makande, asikie sauti za watu."

"Ngoja nimalize mtihani, mama."

"Mtihani haumaliziki. Ukifaulu huu, unakuja mwingine."

Lilikuwa neno la kweli, ndiyo maana lilimchoma. Jioni ile Doris aliketi darasani, lakini moyo wake ulibaki nyumbani, ukinusa utosi wa Asheri.

Aliporudi alikuta uwanja umejaa watu. Hamdani yuko mlangoni, rungu mkononi, msuli kaufunga ovyo. Bibi kasimama kizingitini, Asheri mgongoni.

"Mwizi wa mbuzi huyu hapa!" Hamdani alipayuka. "Nimemsikia kwa masikio yangu, kwenye Mdomo wangu! Anamnong'oneza mbuzi: 'Nyamaza, kinono changu. Alfajiri tunapanda gari la Mamba, mama yako hajaamka.' Nikakimbilia zizini, hakuna mtu. Nikapita hapa dirishani, sauti ile ile!"

"Mimi? Mwizi?" Bibi alifoka. "Mimi mzee wa usharika kanisani? Sikuwa nikisema na mbuzi! Nilikuwa nasema na mjukuu wangu!"

Watu wakatazamana. Hata Bibi alijisikia mwenyewe, akafumba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Alfajiri, mama?" Doris aliuliza polepole. "Kabla sijaamka?"

Bibi akamgeukia Hamdani. "Umeniita mwizi mbele ya watu. Tutaonana mahakamani!"

Umati ukaguna. Mpare akishataja mahakama, ng'ombe atauzwa ili kesi ya kuku iendelee.

"Na shahidi wangu ni mkwe wangu huyu."

"Shahidi, mama, anaapa," Doris alisema kwa upole. "Wakiniuliza mtoto alikuwa anapelekwa wapi alfajiri, niseme nini?"

"Sema nilikuwa nambembeleza tu."

"Nitasema, kama ni kweli. Na itakuwa kweli kama kesho, na keshokutwa, na siku ya kesi, Asheri bado yuko hapa."

Bibi akafungua mbeleko, akamkabidhi Doris mtoto.

"Haya madarasa yako," alisema, "yanafundisha kweli."

Kesi ikafunguliwa, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na mlalamikaji hawezi kurudi mlimani kesi ikiwa mjini. Basi Bibi alibaki. Kila jioni Doris alikwenda kwenye masomo yake bila wasiwasi, naye Bibi alimwimbia Asheri nyimbo za kanisani. Kati ya ubeti na ubeti aliinamia Sikio, akasema kwa sauti tamu:

"Hamdani, unanisikia? Kesi iko palepale."

Hamdani alisikia yote. Kuuzima Mdomo asingethubutu. Wezi wa mbuzi walikuwa wengi mwaka ule.