Mikono ya Mutunga

Hii ni kweli tupu. Mkinipata na uongo hata wa punje moja ya wimbi, Muktar mwenye hili duka tunalokalia benchi yake achukue jogoo wangu mweupe, yule akiwika Kilungu nzima inaamka.

Mwaka wa sabini na nane, watu wa filamu walipanda Mbooni na kamera kubwa kama kichwa cha punda. Walitaka kuwapiga picha watu wa mwethya wakisaidiana kuchimba mitaro ya kuzuia udongo usiende na mvua. Wakamchagua Mutunga, mume wa Nzilani, kwa sababu jembe lake likishuka, watu wa Mtito Andei walikuwa wanadhani ni treni. Wakampa sharti moja tu: chimba, usiangalie kamera.

Nzilani alikuwa anapita barabarani na mtungi wa maji, mimba yake ikiwa bado changa. Sharti hakulisikia. Alichoona ni mumewe ameinama mbele ya wageni waliotoka mbali vile, hata uso hawapi. Akaona haya.

"Mutunga we!" akaita. "Inua uso watu wakuone!"

Mutunga akainua uso, akacheka meno yote nje.

Kabla ya mwaka kuisha, kisima alichokuwa anachimba kwenye mchanga wa mto kilimporomokea. Kitambulisho chake kilikuwa mfukoni. Kikaharibika humo pamoja naye. Kalunde alipozaliwa, nyumba haikuwa na picha ya baba yake hata moja.

Kwa hivyo gari la sinema lilipokuja Kikima, likitangaza kwa spika kwamba jioni watu wa Mbooni watajiona, Nzilani alimwogesha Kalunde, akampaka mafuta, akamketisha mbele kabisa. Mtoto alikuwa ameshajua kuuliza.

"Leo utamwona baba," akamwambia.

Kitambaa kikafungwa, picha zikaanza, nyeusi na nyeupe. Vilima. Akina mama na karai za udongo. Kisha mikono miwili na jembe, mikubwa kujaza kitambaa chote. Nzilani alikitambua kile kidole gumba kilichopinda, akaitambua na mikono ya ile sweta nyekundu.

"Hiyo ni mikono ya baba! Ngoja, sasa uso unakuja."

Kwenye spika sauti ya mwanamke ikaita: "Mutunga we! Inua uso watu wakuone!" Jembe likatulia. Ile mikono ikaanza kugeuka.

Akatokea mbuzi, anakula majani.

"Baba ni mbuzi?" Kalunde akauliza. Watu wakaangua kicheko.

Nzilani akamwendea Kiilu, mwenye kuendesha mashine. "Kijana, umeruka uso wa mume wangu. Rudisha."

"Si mimi, mama. Huko Nairobi wanakata filamu kwa wembe, wanaiunga na gundi. Mtu akiangalia kamera wanasema ameharibu, kipande chake kinatupwa. Mbuzi amewekwa kufunika pale palipokatwa."

"Kwani aliangalia?"

"Si unasikia kuna mama anamwita? Ile sauti waliipenda, wakaiacha."

Nzilani hakusema huyo mama ni nani.

"Wewe rudisha tu."

Kiilu akarudisha. Mikono, sauti, mbuzi. Akaomba tena, na Kiilu, ambaye sasa alikuwa ameacha kuwaangalia watu usoni, akarudisha tena. Mara hii, kabla jembe halijatulia, Nzilani alijaza leso mdomoni, akaiuma kwa nguvu zake zote, akaishika kwa mikono miwili.

Kwenye spika sauti ikaita vilevile, changa, imejaa furaha.

Mbuzi.

Mpaka leo, mwulize Kalunde baba yake alifanana vipi. Atakuonyesha kidole gumba, akipinde.

Hapo kwenye benchi, Syombua akajipangusa macho kwa kanga. Muktar ndiye aliyekohoa.

"Pole sana kwao. Lakini mzee, ngoja. Filamu nyeusi na nyeupe, wewe wekundu wa sweta uliuonea wapi?"

"Jogoo!" Syombua akapiga kelele, machozi bado mashavuni. "Jogoo, jogoo!"

"Kamuulizeni Nzilani," nikasema. "Aliifuma mwenyewe. Atawaambia ilikuwa nyekundu, na kwamba kwenye kitambaa aliiona nyekundu."

"Yeye hakuweka jogoo," Muktar akasema.

Nikainuka, nikaenda kumkamata.