Kiti cha Mgeni

Falone alimuua mama yake jukwaani, mbele ya ukumbi mzima, akiwa amevaa gauni jeupe. Hakushika kisu. Ulimi ulimtosha, na ulimi hauna mfupa.

Ilikuwa siku ya kumchagua Miss Ituri. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini watu wa Bunia na wa Gety, waliopigana katika vita hivyo, walikuwa bado wanatazamana kwa pembeni. Jaji akamuuliza, "Mama yako ni mutu wa wapi?" Mama alikuwa mtu wa Gety, na saa ile ile alikuwa huko akipalilia mihogo yake. Falone alilelewa Bunia, kwa baba. Akausikia ukumbi umenyamaza, akaliona taji pale mezani, akasema, "Mama alikufaka mu vita."

Watu walilia. Taji akavikwa. Wamama wa parokia wakamletea unga na sukari, wakakaa naye matanga, naye akalia kweli kweli, kwa woga.

Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga, lakini ya Falone ilimfikisha mbali. Picha zake zilibandikwa kwenye maduka ya vitenge hadi Niania. Akaitwa Kinshasa kuonyesha mavazi. Kisha televisheni ya mjini ikampa kipindi cha Jumapili, na kila alipoaga aliwaambia watazamaji wawapende mama zao wangali hai. Uso mkavu kama nini!

Mama alisikia habari za kifo chake redioni. Akamtuma mdogo wake, Alphonsine: "Umwambie asirekebishe kitu. Tutaonana amani ikikomaa." Basi Falone akaingoja amani ikomae. Kila mwaka alijiapiza kwamba mwaka ujao atasema ukweli hewani, mama akiwa ameketi kando yake.

Jumamosi moja Alphonsine akatokea studioni, macho mekundu. "Yaya, mama yako, amekufa asubuhi," akasema.

Falone alikimbilia kwa mkurugenzi, Hubert. "Mama yangu amekufa. Naomba ruhusa."

Hubert alimtazama kwa huruma. "Falone, mama yako si alikufaka zamani? Umechoka, mutoto yangu. Enda upumuzike."

Wakapanda moto, pikipiki ya abiria, yeye na Alphonsine, mpaka Gety. Njia nzima Falone alitaka jambo moja tu: kuketi mkekani pa watoto wa marehemu na kumlilia mama yake kwa sauti, kila mtu asikie. Lakini alipopiga magoti, mwanamke mmoja akamshika mkono kwa heshima.

"Hapana, madamu, hapa ni pa batoto ya marehemu. Mulete kiti!"

"Miye ni mutoto yake."

"Tunajua munafanana," mwanamke akambembeleza. "Watu walikuwaka wanamuuliza kila siku. Aliapa mbele ya padri: 'Ule wa televizyo si mutoto yangu. Wangu alikufaka mu vita.'"

Alphonsine akafungua kinywa. Padri mwenyewe alikuwa amesimama pale pale, kando ya jeneza. Falone akaelewa kwamba ukweli, leo, ungemfanya mama yake mwapa uongo siku ya kuzikwa kwake. Akamtikisia Alphonsine kichwa.

Kiti cha plastiki kikaletwa, kikapanguswa kwa kitenge, kikawekwa upande wa wageni. Falone akashukuru, akakaa.